Gorofa Tatu za Brooklyn Park

Niseme mapema ili tusije tukagombana: nyumba ile niliijenga mimi. Mume wangu alishikilia ukuta mmoja tu, siku ya kwanza, gundi ilipokuwa inakauka, akalalamika mkono umekufa ganzi, na tangu hapo sikumwita tena. Nasema hivi kwa sababu kila aliyeiona aliuliza kwanza, "Nani amewajengea?" Swali hilo linanipandisha mori mpaka leo.

Ilikuwa miaka ya tisini, tunakaa Brooklyn Park, Minnesota, kwenye yale majengo ya kupanga ambayo kila mlango unafanana na mwenzake. Nilikuwa nalea wazee katika nyumba ya wazee Roseville, na mara mbili kwa wiki napanda basi kwenda Saint Paul kusomea uuguzi. Basi lile lilipita barabara ya matajiri wa zamani, yenye majumba ya enzi za malkia wa zamani wa Waingereza: mnara pembeni, baraza pana mbele, na chini ya paa mbao zimetobolewa kama matundu ya kofia ya kushona kwa mkono. Nilikuwa nimeshachagua langu, la kijani kilichokolea, madirisha ya rangi ya maziwa, mlango wa damu ya mzee. Sikuwa na haja ya kuingia ndani. Nilitaka tu kujua limeshikanaje.

Basi siku moja nimetoka kazini, nikaingia kwenye maduka makubwa ya pale Roseville kukwepa baridi, nikaliona jumba langu ndani ya boksi. Boksi lilikuwa limebonyea pembe moja, wamelipunguza bei. Juu yake picha ya jumba lenye mnara na baraza, na maneno kwamba ndani mna vipande vyote, kazi yako ni kuunga. Ilikuwa nyumba ya wanasesere, lakini si ndogo. Ukiisimamisha sakafuni inakufika kiunoni. Nikamwambia mume wangu nimemnunulia binti yetu, aliyekuwa na miaka minane. Binti mwenyewe alikuwa anataka ya plastiki, ya rangi ya waridi, yenye lifti.

Ndani ya boksi hamkuwa na nyumba. Mlikuwa na mbao nyembamba kama ganda la sanduku la chai, zimechapwa maumbo nusunusu, unasukuma kipande kwa kidole gumba kinatoka na manyoya yake, unakipiga msasa, unatafuta mwenzake. Maelekezo yalikuwa kitabu kizima, maandishi ya sisimizi. Ukuta wa kwanza niliubandika ndani nje. Nilipoubandua ulitoka na kipande cha sakafu, nikasema maneno ambayo mama yangu angeyasikia angeniosha mdomo kwa sabuni. Binti yangu alikuwa anaelewa Kiswahili chote ila akijibu anajibu Kiingereza. Msimu ule wa theluji ndipo alipoanza kusema maneno machache ya Kiswahili, na yote yalikuwa ya aina hiyo.

Polepole nikajifunza. Unajaribu kwanza bila gundi. Unafunga kwa utepe wa karatasi, unaondoka, unakwenda kupika, bila kurudi kuchungulia kila dakika kama mtu aliyebandika maharage. Ngazi ilikuwa na vidaraja vyembamba kuliko njiti za kiberiti, nikavipanga kwa kibanio cha nyusi. Dirisha la mbele lililotokeza nje lilinishinda mara tatu, la nne likanyooka, na nilipolifungua na kulifunga nikaita nyumba nzima waje waone. Walikuja. Mume wangu alisema zuri, akarudi kwenye mpira wake.

Lakini paa ndilo lililonipa kiburi, nami sitakionea haya. Paa la nyumba ile linapauliwa kwa vigae vya mbao vidogo kama kucha, unabandika kimoja kimoja. Kitabu kilikuwa na kurasa nyingi za kueleza uanzie wapi, na sikuzisoma. Mimi ni mtoto wa mtu aliyeezeka makuti Tanga. Unaanzia chini, kwenye mchirizi, safu ya juu inalalia ya chini, maungio yasikutane, maji yasipate njia. Na rangi sikununua. Nilichemsha chai ya rangi nzito kama dawa, nikavilaza vigae mle mpaka asubuhi, vikatoka na rangi ya nyumba iliyokula mvua nyingi. Siku nilipomaliza kilele cha mnara nilikaa sakafuni nikalitazama tu lile paa. Nilijipongeza kwa sauti, kwa jina langu na la baba yangu.

Ndani nilibandika karatasi za kufungia zawadi, zenye maua madogo, kila chumba na maua yake. Mapazia niliyakata kwenye shimizi kuukuu la hariri. Zulia la sebuleni lilikuwa kipande cha kitambaa cha kochi nilichoomba kwa fundi viti. Hapo binti yangu alikuwa ameshaisahau ile ya lifti. Yeye ndiye aliyepaka rangi nguzo zote za baraza, ulimi nje, bila kuvusha tone, na akikuta nimepinda mahali ananionyesha kwa kidole bila huruma.

Sasa lazima nieleze habari ya kujenga. Miaka ile, wageni sisi tukikutana, iwe arusini au msibani, baada ya salamu swali lilikuwa moja: umejenga? Maana yake umejenga nyumbani, kule ulikotoka. Aliyejenga anakaa mbele. Ambaye hajajenga anaambiwa Mungu atajalia, kwa sauti ile anayosemeshwa mgonjwa. Sisi hatukuwa tumejenga. Rafiki yangu Mkenya, tuliyekuwa tukifanya kazi pamoja, alinikuta mezani na vigae vyangu akacheka mpaka akakaa chini. "Wenzako wanajenga kule kwetu Kitengela," akasema, "wewe unajenga juu ya meza ya kulia. Na plot ulinunua wapi, hapo karibu na chupa ya chai?"

Nilimwambia anyamaze anishikie taa.

Kwetu Tanga simu ilikuwa kwa jirani. Ukitaka kuongea na mama unampigia jirani, anatuma mtu kumwita, unakata, unangoja, unapiga tena. Mama anafika anahema, anaongea amesimama, na jirani amekaa palepale kwenye kochi lake anasikiliza, maana simu ni yake na sebule ni yake. Jirani huyu alikuwa na mtoto wa kiume Muscat, na huyo mtoto alikuwa amemjengea mama yake nyumba ya vigae na geti la chuma. Ukienda kwake kuazima chumvi unazungushwa vyumba vyote mpaka choo cha wageni. Mama yangu amezungushwa mle mara nyingi, na kila mara amesema mashallah.

Nilipokuwa katikati ya kazi yangu nilipiga simu, mama akaniuliza ninashughulika na nini siku hizi. Mimi wakati ule Kiswahili cha kitu kile sikuwa nacho. Wanasesere wetu tuliwatengeneza kwa matambara na vigunzi vya mahindi, wakalala popote. Nani alifikiria kuwajengea? Basi nikasema lililonijia. "Namjengea mtoto nyumba."

"Nyumba?"

"Ya mbao, mama. Gorofa tatu."

Nikamsikia akigeuka na kurudia maneno hayohayo, gorofa tatu, taratibu, na kwa mbali jirani akiitikia. Nilidhani wanacheka, nami nikacheka. Tangu siku hiyo kila nikipiga ananiuliza nimefikia wapi. Nikimwambia naweka madirisha, anashukuru Mungu. Nikimwambia napaua, anasema kupaua ndiko kunakomaliza watu. Siku moja aliniuliza kama fundi wetu ni mwaminifu, nikamjibu kwamba fundi ni mimi mwenyewe. Akacheka sana. Kila anayejenga husema hivyo. Maana yake anasimamia kwa jicho lake, asiibiwe saruji.

Majira ya joto yalipofika nyumba ilikuwa imekwisha. Tukaibeba mimi na binti yangu mpaka nje, kwenye majani, tuipige picha kwenye mwanga mzuri. Yeye ndiye aliyepiga. Alilala kifudifudi, kamera imegusa ardhi, akapiga. Picha ilipotoka nilishangaa hata mimi. Majani yalikuwa bustani, mti wa jirani ulikuwa nyuma kama umepandwa na babu wa mwenye nyumba, na baraza, na mnara, na mawingu juu ya mnara. Nikamtumia mama nakala moja. Nyuma yake niliandika: Nyumba ya mtoto imekwisha, alhamdulillahi. Kila neno hapo ni la kweli, na leo ningeliandika vilevile.

Wakati huo nilikuwa na mimba ya pili, na mama alikuwa aje kunilea uzazi. Wiki moja kabla ya safari yake nikapiga simu kumkumbusha aje na sweta. Hakutaka habari ya sweta.

"Dua ya nyumba tumeshaisoma," akasema. "Watu walijaa mpaka nje. Nilipika pilau, picha ikapita mkono kwa mkono, wazee wakamwombea mtoto aikalie kwa amani. Nimewaahidi nikirudi nitakuja na picha nyingine, mimi nimekaa barazani."

Nyuma yake nilimsikia jirani akisema, kwa ile sauti yake, "Mwambie anipimie na mapazia, nijue upana wa madirisha ya huko."

Ningesemaje? Kumwambia kwenye simu ile ni kumwambia sebuleni kwa jirani, amesimama, mwenzake amemkodolea macho. Barua isingewahi. Nikasema, "Karibu, mama, tutaonana," kadi ya simu ikaisha, simu ikakata. Nililia nusu saa. Sikulilia nyumba. Nilimlilia mama yangu, aliyekuwa amesema mashallah ya watu miaka yote ile, na safari hii aliambiwa yeye.

Rafiki yangu Mkenya alipata dawa haraka. "Hiyo ni ndogo," akasema. "Mama akifika tuna-drive mpaka Saint Paul, anasimama mbele ya moja ya yale majumba, tunapiga picha, kwisha maneno. Nani atakuja kutoka Tanga kuuliza?"

Alisema kwa wema, lakini nilimgeuzia ukali. Nikamwambia mama yangu hajapata kukaa barazani kwa mtu bila kukaribishwa, na hataanzia Minnesota. Na zaidi ya hayo, nina nyumba yangu. Nimeijenga. Sitaificha nyuma ya nyumba ya mtu mwingine. Tukanuniana siku mbili, halafu akaja na mandazi.

Mama akafika. Majani ya miti yameshageuka rangi, yeye amevaa sweta juu ya baibui na soksi za mume wangu. Njia nzima kutoka uwanja wa ndege anatazama nje ya gari, na kila tukipita nyumba ya mbao yenye gorofa ananitazama mimi. Tukaegesha Brooklyn Park. Tukapanda. Akakaribishwa, akanywa chai, akamkumbatia mjukuu, akazunguka vyumba viwili kwa macho bila kugeuza shingo. Kisha akasema, "Haya. Nyumbani tunakwenda lini?"

Nikamwambia, "Mama, ndiyo nyumbani hapa. Nyumba niliyoijenga ni hii." Nikatoa kanga niliyoifunikia.

Alitazama. Akaitoa picha mkobani, akaitazama, akaitazama nyumba. Alielewa upesi, mama si mjinga. Niliona uso wake ukishuka, nikatamani nimeze ulimi. "Mimi nimeisomea hii dua," akasema. Hakuinua sauti. Akauliza chumba atakacholala, akaingia, akafunga mlango. Mpaka leo nikikumbuka mlango ule ulivyofungwa moyo unanikwaruza.

Asubuhi nilimkuta sakafuni mbele ya nyumba, miwani puani, binti yangu kamkalia ubavuni. Alikuwa anapitisha kidole kwenye paa, safu kwa safu, kutoka chini kwenda juu. Niliandaa maneno ya kuomba radhi, hakunipa nafasi.

"Nani kapaua?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu, mama."

"Baba yako alikuwa anapishanisha hivi hivi." Kisha akaanza kuikagua, wallahi, kama mkaguzi wa manispaa. Akafungua na kufunga mlango. Akatia kidole kwenye ngazi, akahesabu vidaraja kwa kunong'ona. Akauliza choo kiko wapi, nikamwambia kwenye boksi hakikuwamo, akasema hao waliopanga boksi ni watu wa namna gani. Akaizungusha. Nyuma nyumba zile hazina ukuta, zimeachwa wazi ili mtoto apate kucheza. Mama alirudi nyuma kwa mshtuko.

"Nyuma mmeacha wazi hivi? Mtu apite aone mpaka kitandani?"

Nilijaribu kumweleza. Hakutaka kuelezwa. Aliomba mkasi, akaikata kanga yake mpya, ya kusafiria, mbele ya macho yangu, akashona pazia la nyuma lenye kamba ya kuvutia, siku nzima, binti yangu akimtungia uzi kwenye sindano. Walizungumza, huyu Kiswahili, huyu Kiingereza, na sikuona mmoja akimuuliza mwenzake amesema nini. Nilipowaletea chai mama hakuinua kichwa. Nilijua bado ana jambo moja, na mimi nilikuwa nalo hilohilo: nyumbani wanasubiri, na simu ya kusema amefika salama haijapigwa.

Aliitaka mwenyewe kesho yake. Nikampigia namba, nikampa, nikakaa karibu nimeshika tumbo. Sauti ya jirani yetu haihitaji kuwekewa spika. Baada ya salamu tatu nne nikaisikia wazi: "Haya shoga, tupe habari. Nyumba umeiona?"

"Nimeiona," mama akasema. "Iko mbele yangu."

"Gorofa tatu kweli?"

"Tatu, na mnara."

Angeweza kuishia hapo. Nilikuwa naomba aishie hapo, na nilikuwa naomba asiishie. Mama akavuta kiti, akakaa sawasawa.

"Lakini nisikilize vizuri, na uwaambie wote waliokula pilau. Ni ndogo. Inanifika hapa, kiunoni. Ni ya mtoto kuchezea. Mimi siingii, wewe huingii, hata paka haenei sebuleni. Nilifahamu vibaya, kosa si lake, aliniambia ni ya mtoto." Mama hakumpa mwenzake nafasi ya kuingilia. "Ila shoga yangu, imejengwa. Hakuna fundi aliyeitwa. Kila dirisha linafunguka. Paa kalipaua mwanangu kwa mkono wake, kigae kimoja kimoja, kwa mpishano wa marehemu baba yake, nami nimelikagua sikuona tundu. Mwanao alitoa fedha, Mungu amzidishie, fedha nazo ni kazi. Wangu kajenga. Dua ile sijutii hata neno moja. Haya, zungumza naye."

Akanipa simu. Nilikuwa tayari kwa kicheko. Nilikuwa nimeshakaza meno.

"Mwanangu," jirani akasema, na safari hiyo sauti yake ilikuwa ndogo. "Hata madirisha ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Yanafunguka?"

"Yanafunguka."

"Hii yangu nimekabidhiwa ufunguo," akasema. "Sijui hata nani alipaua. Hongera, mwanangu. Hongera sana."

Nikajifuta macho kwa kiganja. Mama aliniangalia, akaichukua simu mkononi mwangu.

"Amesikia," akamwambia mwenzake. "Analia. Mwache alie, ni fundi aliyemaliza kazi."